Redio ya Stereo katika Nyumba za Kisiwani Mombasa

Mtambo wa stereo wa kusikilizia redio nyumbani una sehemu nne: eriali inayonasa mawimbi, tyuna inayochagua stesheni, amplifaya inayoikuza sauti, na spika mbili zinazoitoa. Katika redio ndogo ya mkononi vyote hivyo vimetiwa ndani ya kisanduku kimoja. Vikitenganishwa, kila kimoja huweza kununuliwa, kutengenezwa au kubadilishwa peke yake bila kuvigusa vingine, ndiyo maana mitambo ya namna hii hudumu miaka mingi. Kisiwani Mombasa, kuanzia Kilindini hadi Mji wa Kale, kazi ya kuikusanya ina masharti yake: kuta nene za mawe ya matumbawe, mapaa ya mabati, hewa ya chumvi, na bandari inayoshusha vifaa kutoka kila upande wa dunia, vingine vizuri sana na vingine visivyoweza kunasa hata stesheni moja ya mjini.

Mombasa imezoea redio tangu zamani. Katika miaka ya 1950 mji ulikuwa na stesheni yake wenyewe, Sauti ya Mvita, na wasikilizaji wake walifungulia pia Sauti ya Unguja iliyoanza mwaka 1951, matangazo ya Kiswahili ya Cairo yaliyoanza 1954, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza 1957. Yote yalikuja kwa masafa ya kati au masafa mafupi, na yote yalikuwa ya mono: sauti moja, spika moja. Utangazaji wa stereo kwa FM ulianza Marekani mnamo Juni 1961. Kenya ilikaa muda mrefu na redio ya serikali peke yake, kisha katika miaka ya 1990 milango ikafunguka, Capital FM ikaanza mjini Nairobi mwaka 1996, na nyingine zikafuata. Leo msikilizaji wa Mombasa ana Radio Rahma kwenye 91.5, Baraka FM kwenye 95.5, Pwani FM ya shirika la serikali KBC kwenye 103.1 na nyingine kadhaa. Zikinaswa vizuri hutoa muziki safi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu wengi hawajawahi kuzisikia zikinaswa vizuri.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kujua jinsi stereo inavyosafirishwa. Stesheni haitumi sauti ya kushoto na ya kulia kila moja kwa njia yake. Kwanza hujumlisha sauti hizo mbili, na jumla hiyo ndiyo inayosikika hata kwenye redio ya spika moja. Kisha hutuma tofauti kati ya kushoto na kulia, ikiwa imepandishwa juu ya masafa ambayo sikio haliwezi kuyasikia, pamoja na mlio mwembamba wa kilohezi 19 unaoiarifu redio kwamba kuna stereo. Redio ikiusikia mlio huo huwasha taa yake ndogo ya stereo, huichukua ile tofauti na kurudisha pande mbili kama zilivyokuwa studio. Shida ni kwamba sehemu ya tofauti ni dhaifu na huokota makelele kwa urahisi. Stesheni inayosikika safi kwa mono inaweza kujaa mvumo mara tu inapogeuzwa kuwa stereo. Mvumo huo hauondolewi na amplifaya kubwa, kwa maana amplifaya hukuza kila inachopewa, muziki na makelele pamoja. Dawa yake iko kwenye eriali.

Kwa hiyo eriali ndiyo ya kuanza nayo, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Watu hutoa fedha nyingi kwa spika kisha huchomeka nyuma ya redio kipande cha waya kinachoning'inia sakafuni. Eriali nzuri ya FM hutengenezwa nyumbani kwa gharama ndogo sana. Inahitaji vijiti viwili vya shaba, au hata nyaya mbili nene, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 73 na nusu. Vijiti huwekwa katika mstari mmoja, ncha zao za ndani zikikaribiana bila kugusana, juu ya kipande cha mti mkavu au bomba la plastiki. Urefu huo unatokana na hesabu: 14,250 ikigawanywa kwa masafa ya stesheni katika megahezi hutoa urefu wote kwa sentimita. Kwa 97, ambayo ni karibu na katikati ya utepe wa FM, jibu ni takriban 147, na nusu yake ni kila kijiti. Kutoka katikati hushuka waya wa eriali wa televisheni, ule wa duara wenye ohm 75. Uzi wake wa ndani hulehemiwa kwenye kijiti kimoja, na wavu wake wa nje kwenye kijiti cha pili.

Eriali hii hunasa vizuri mawimbi yanayokuja ubavuni mwake na vibaya yale yanayokuja kwenye ncha zake. Hivyo huzungushwa polepole huku mtu mwingine akisikiliza chini, mpaka mvumo ukome. Yafaa pia kuijaribu ikiwa imelazwa na ikiwa imesimamishwa, kwa sababu stesheni hazitumi zote kwa mtindo mmoja. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kwa hiyo kila mita ya kupanda juu ina faida. Chini ya paa la mabati eriali ni kama haipo: bati huyazuia mawimbi, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zimeezekwa kwa mabati. Ukuta wa matumbawe hupitisha kiasi, lakini ukiwa na unene wa nusu mita na umelowa kwa mvua za masika, hupunguza sana. Mahali pazuri ni juu ya paa, au kwenye roshani ya nyuma isiyozibwa na jengo jingine.

Upande wa Kilindini una tatizo lake. Winchi za bandari, meli na makontena ni chuma kitupu, na chuma hurudisha mawimbi. Redio hupokea stesheni ileile mara mbili, moja kwa moja na kwa kurudishwa, na sauti hukwaruza hasa kwenye herufi kali kama s na sh, hata pale mawimbi yanapokuwa na nguvu za kutosha. Kuongeza nguvu hapo hakusaidii. Kinachosaidia ni kuisogeza eriali mita moja au mbili, au kuigeuza mpaka ncha yake ielekee kule yanakotoka mawimbi ya kurudishwa. Bahari, kwa upande mwingine, humpa msikilizaji zawadi. Kusini mwa Mombasa, Tanga na Chake Chake ziko kiasi cha kilomita 130 tu, na nyakati ambazo hewa ya moto hutanda juu ya hewa baridi ya baharini, mawimbi ya FM hupinda na kusafiri mbali kuliko kawaida yake. Mwenye eriali iliyo juu na inayotazama bahari huweza jioni moja kuzinasa stesheni za Tanzania kana kwamba ziko ng'ambo ya kivuko cha Likoni.

Kuna mambo matatu ya tahadhari kabla ya kupanda juu. La kwanza ni nyaya za umeme. Katika vichochoro vya Mji wa Kale hupita karibu sana na roshani, na kijiti cha eriali kinachoziangukia huweza kuua. Mahali ambapo eriali ikianguka itafika kwenye waya wa umeme hapafai kabisa. La pili ni radi: siku za ngurumo waya wa eriali uchomolewe na uwekwe mbali na redio. La tatu ni kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na sura ya nje ya nyumba zake husimamiwa na ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Eriali hukaa nyuma au juu, mbali na roshani za mbao zilizochongwa zinazotazama njia. Ni haki, kwani roshani hizo ni mali ya mji mzima.

Chumvi nayo haimsubiri mtu. Shaba iliyoachwa wazi karibu na bahari hugeuka kijani ndani ya miezi michache, na maungio yake hukatika. Baada ya kulehemu, kiungo hupakwa grisi au silikoni, kisha hufungwa kwa utepe wa mpira tabaka mbili. Kabla waya haujaingia dirishani, huachwa uning'inie kidogo chini ya kizingiti ndipo upande kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee pale chini badala ya kuufuata waya hadi kwenye redio. Jambo hilo dogo limeokoa tyuna nyingi.

Sehemu ya pili ni tyuna yenyewe, au risiva, ambayo ni tyuna na amplifaya katika kasha moja. Vifaa vipya vya aina hii havionekani sana madukani, lakini vilivyotumika vipo, na vile vya miaka ya 1970 na 1980 vilitengenezwa kwa uangalifu ambao leo ni adimu kwa bei hiyo. Mnunuzi ajue kimetoka wapi, kwa sababu kila nchi hutengeneza redio kwa mahitaji yake. Cha Uingereza huja tayari kwa umeme wa volti 240 na plagi ya pini tatu kama ya Kenya, na masafa yake ya FM ni yaleyale ya Kenya, yanayofika 108. Hicho huchomekwa na kutumika.

Cha Japani ni habari nyingine. Huko, katika miaka hiyo, FM ilipangwa kuanzia 76 hadi 90, kwa hiyo redio ya wakati huo iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huishia pale ambapo stesheni za Mombasa ndiyo kwanza zinaanza. Rahma ya 91.5, Baraka ya 95.5 na Pwani ya 103.1 zote ziko nje ya uwezo wake. Wenye magari wanalifahamu jambo hili, kwa sababu magari mengi yanayoshushwa Kilindini hutoka Japani na redio zake huwa bubu mpaka zifungwe kifaa cha kuhamisha masafa. Kwenye gari kifaa hicho huvumilika. Nyumbani, kwa mtu anayetaka sauti safi, hakifai, kwa maana huongeza makelele na mara nyingi stesheni mbili hupandana. Tena umeme wa Japani ni volti 100, na redio hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 huungua papo hapo. Ushauri hapa ni mmoja: kabla ya kutoa fedha, mnunuzi asome namba za mwisho kwenye utepe wa FM na volti zilizoandikwa nyuma ya kasha.

Cha Marekani hufika hadi 108, ila hutaka volti 120, na transfoma iliyotengenezwa kwa umeme wa hezi 60 hupata moto zaidi ikitumika kwa hezi 50 za Kenya. Baadhi ya tyuna za kidijitali za huko huruka kwa hatua za namba witiri tu, 88.1, 88.3 na kuendelea, kwa hiyo stesheni yenye namba shufwa haipatikani sawasawa. Nyingine zina swichi ndogo nyuma ya kubadilisha hatua hizo. Pia redio za Marekani hupunguza sauti nyembamba kupita inavyotakiwa kwa matangazo ya huku, na muziki husikika umefifia kidogo, kasoro ambayo kitufe cha tribo hurekebisha kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu amplifaya, maneno mengi huuzwa kwa wati. Kasha la plastiki hubandikwa karatasi inayodai wati elfu mbili au tatu za PMPO, namba ambayo haina kipimo chochote cha maana. Njia ya kuujua ukweli ni kugeuza kasha na kusoma nyuma linakula umeme kiasi gani. Kifaa kinachotumia wati 60 ukutani hakiwezi kutoa hata wati 60 kamili kwenye spika. Kwa chumba cha kawaida, wati 20 au 30 za kweli kwa kila upande zinatosha na kubaki. Tena kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haishangazi. Muhimu zaidi ni ohm za spika. Spika ya ohm 8 inafaa karibu kila amplifaya. Mtu akiunga spika mbili za ohm 8 sambamba kwenye tundu moja, amplifaya huona ohm 4, hufanya kazi mara mbili, na nyingi huungua kwa sababu hiyo.

Spika mbili zenye wufa ya inchi 5 au 6 na twita nzuri hushinda makabati makubwa ya kupigia harusi, na hasa katika vyumba vya Mji wa Kale. Nyumba za kale zilijengwa kwa dari zinazoshikwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifiki mbali, mita 3 kwa kadiri. Ndiyo sababu vyumba vikawa vyembamba na virefu. Chumba chenye upana wa mita 2.8 kina tabia yake: sauti nzito ya takriban hezi 62 huenda na kurudi kati ya kuta mbili ikijijazia, na besi ikavuma kupita kiasi. Spika zikiegemezwa ukutani au kwenye kona, mvumo huo huzidi. Zikitiwa ndani ya zidaka za ukutani, kama inavyovutia macho kufanya, sauti huwa ya pipani.

Mpangilio unaofaa chumba hicho ni huu. Spika huwekwa kwenye upande mfupi, zikiachana mita 1.8, kila moja ikiwa na nusu mita kutoka ukuta wa ubavuni na angalau sentimita 40 kutoka ukuta wa nyuma. Husimamishwa juu ya vigoda vizito, twita ikiwa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Msikilizaji hukaa kiasi cha mita mbili mbele yake, katikati. Hapo tu ndipo stereo huonekana ilivyo: mwimbaji husikika katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapana kitu, na fidla, udi na dumbaki zikajipanga pembeni. Urefu uliobaki nyuma ya msikilizaji ni faida, kwa kuwa sauti hupotelea huko badala ya kumrudia haraka. Lipu ngumu ya chokaa hurudisha sauti kwa ukali, lakini zulia au mkeka mnene sakafuni, mapazia mazito na makochi huipoza. Kutoboa ukuta ili kutundika spika hakushauriwi, kwani lipu ya chokaa haishiki skrubu na matumbawe humomonyoka.

Ni kweli kwamba si kila kinachorushwa ni stereo. Mawaidha, habari na mijadala ni sauti ya mtu, na mono inatosha. Rekodi nyingi za zamani za taarab ya Mombasa, zile za santuri za lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons na za nyakati hizo, zilirekodiwa kwa mono. Spika nzuri bado huzitendea haki, kwa sababu uzuri wa sauti ya mwimbaji Juma Bhalo hauhitaji pande mbili ili usikike. Kinachohitajika ni spika isiyokwaruza.

Kuunganisha hufanywa vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Waya wa pini nyekundu na nyeupe hutoka kwenye tyuna na kuingia kwenye tundu la TUNER au AUX la amplifaya. Tundu la PHONO ni la santuri peke yake. Redio ikichomekwa hapo sauti hupasuka. Waya wa spika uwe mnene, wa milimita 1.5 za mraba, na uzi wa upande mmoja usiguse wa upande wa pili, maana shoti ya hapo huua amplifaya. Nyekundu huenda kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kushoto na kulia vilevile. Spika moja ikigeuzwa, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi hutoweka na mwimbaji hupoteza mahali pake. Kama alama zimefutika, betri ndogo ya volti 1.5 hutoa jibu: huguswa kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja, na karatasi ya spika ikitokeza nje, waya uliogusa upande wa chanya wa betri ndio wa nyekundu.

Umeme wa kisiwani hukatika, na hatari kubwa iko katika kurudi kwake, pale volti zinapopanda ghafla. Kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, huilinda redio vilevile. Amplifaya iachiwe sentimita 10 za hewa juu yake, na isifunikwe kitambaa hata kiwe kizuri namna gani. Matundu yake ya nyuma huwaita mijusi kafiri wanaotafuta joto, na mmoja akikauka juu ya saketi huleta shoti. Wavu mwembamba wa dirishani ukibandikwa hapo huzuia bila kuziba hewa. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kikizungushwa kimeliwa na unyevu, na fundi hukisafisha kwa dawa ya kupuliza. Spika zenye ukingo wa sifongo huoza katika hali ya hewa ya pwani, hivyo zenye ukingo wa mpira ndizo za kununua.

Katika vichochoro ambavyo dirisha hutazamana na dirisha, mtambo mzuri ni ule unaopendeza ukiwa chini. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaweka kiwango cha chini zaidi kuanzia saa mbili usiku katika maeneo ya makazi, na adabu ya mtaa ilikuwepo kabla ya kanuni. Kitufe cha LOUDNESS kwenye amplifaya za zamani kilibuniwa kwa ajili hiyo: huongeza besi na tribo sauti inapokuwa ndogo, kwa kuwa sikio huzisikia hafifu. Spika zikiinuliwa juu ya vigoda vyenye mpira chini, besi haishuki kwenye boriti na kumwamsha aliyelala ghorofa ya chini.

Asiye na fedha za tyuna na amplifaya anaweza kutumia redio ya gari, na hii si njia ya kujinyima. Redio ya gari ina tyuna iliyobuniwa kunasa mawimbi katika mazingira magumu, na amplifaya ya kutosha kwa chumba. Huendeshwa kwa volti 12, kwa hiyo betri yenye chaja, au sola, huifanya isizimike umeme unapokatika. Iwe ile inayofika 108, ifungwe fyuzi karibu na betri, na kasha lake liwe la mbao lenye matundu ya hewa. Spika zake ziwe za ohm 4 au 8, na nyaya hasi za spika zisiunganishwe pamoja wala kugusa bodi. Fedha zinazobaki zitumike kwanza kwa eriali ya juu ya paa, kisha kwa spika. Redio bora inaweza kutafutwa baadaye.